Mifupa ya Uso na Kazi Iliyoumbiwa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akiisha kuiacha Maili Moja, hafiki mbali kabla hajaikuta Tumbi, ilipo hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, ambayo asili yake ni kituo cha afya cha mradi ulioanzishwa Kibaha mwaka 1963 kwa msaada wa Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi, kisha mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kwa kuwa iko karibu na njia kuu iendayo bara, hospitali hiyo imejulikana nchini kote kwa kuwapokea watu walioumia kwa ajali za mabasi, malori na pikipiki. Na katika majeraha yote wanayoletwa nayo majeruhi hao, pengine hakuna linalowatia jamaa zao simanzi kama jeraha la uso, kwa maana uso ndio anaotambulikana nao mtu kwa mkewe, kwa wanawe na kwa jirani zake, na ukiharibika yeye huhisi kana kwamba ameondolewa mahali pake katika watu.

Lakini uso tuujuao sote ni ngozi na nyama, macho na midomo. Ama mifupa iliyoubeba, ambayo ndiyo inayoipa kila sura umbo lake, ni wachache waliopata kuieleza hata kwa hesabu yake. Mifupa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya urembo, ingawa urembo hutokana nayo. Iliumbwa kwa kazi, na iliyo nzito kupita zote katika kazi hizo ni kutafuna. Na mtu akiisha kuifahamu kazi hiyo, hataona ajabu tena kwamba uso unaoweza kusaga mfupa wa kuku bila kudhurika hupasuka vipande vipande ukiangukia lami kwa mwendo wa pikipiki.

Tuanze na hesabu. Bufuru la kichwa cha mwanadamu, tukiviacha vile vifupa vidogo vya ndani ya sikio, lina mifupa 22, na katika hiyo 8 huuzunguka ubongo na kuuhifadhi, na 14 iliyosalia ndiyo mifupa ya uso. Kumi na miwili miongoni mwao imekaa jozi jozi, mmoja kuume na mwenziwe kushoto: mifupa ya taya la juu, ishikayo meno ya juu na kufanya sehemu kubwa ya uso wa kati, mifupa ya kitefute, inayotokeza chini ya macho na kuyapa mashavu kimo chake, mifupa ya pua, miwili myembamba inayokutana juu ya mwanzi wa pua, mifupa ya machozi, ambayo ni midogo kupita yote, kila mmoja kadiri ya ukucha wa kidole cha mwisho, nayo imejificha ndani ya tundu ya jicho upande wa pua, mifupa ya kaakaa, inayoumaliza upande wa nyuma wa dari la kinywa, na vibamba viwili vilivyojikunja ndani ya matundu ya pua. Miwili ya mwisho haina wenzi, nayo ni ule mfupa mwembamba ugawao pua katikati kwa upande wa chini na nyuma, na taya la chini, ambalo ni kubwa na lenye nguvu kuliko mifupa yote ya uso, na ndilo peke yake linalojongea, hali mingine yote imeshikamana isitikisike.

Namna mifupa hiyo ilivyopangwa hufahamika upesi kwa mtu aliyepata kuona nyumba ya miti na udongo ikijengwa katika vijiji vya Kisarawe. Fundi huchimbia nguzo nene ardhini, akaziunga juu kwa mwamba, akapitisha fito baina yake, kisha akakandika udongo. Na nyumba ikiisha, uzito wote wa paa na makuti huteremka kwa zile nguzo, wala ule udongo ulio kati haubebi kitu ila huziba upepo na macho ya wapita njia. Ndivyo ulivyo uso wa kati. Kila upande una nguzo tatu za mfupa mnene: ya kwanza huanzia kwenye chonge na kupanda kando ya pua hata kwenye paji la uso, ya pili huanzia kwenye magego, ikapita katika kitefute na kufika pembeni mwa jicho, na ya tatu imesimama nyuma ya taya la juu, haionekani kwa nje. Baina ya nguzo hizo mfupa umekuwa mwembamba mno, mahali pengine hata nuru hupenya, na nyuma yake mna uwazi wa hewa, ule ambao watu wetu huuita sainasi. Mtu anapotafuna, nguvu ya taya la chini hupanda kupitia meno, ikaingia katika nguzo na kuenea kwenye fuvu, na kwa njia hiyo uso hustahimili maelfu ya migandamizo kila siku katika umri mzima wa mtu.

Basi nguvu ya uso ni ya kutoka chini kwenda juu. Ijapo nguvu kutoka mbele au kutoka ubavuni, nguzo hazikupangwa kuipokea, na zile kuta nyembamba haziwezi chochote. Jambo hilo lilibainishwa mwaka 1901 na tabibu wa Ufaransa aitwaye René Le Fort, ambaye alivipiga vichwa vya maiti kwa namna mbalimbali, akaichunguza mifupa baadaye, akaona kwamba haivunjiki ovyo, bali hufuata njia tatu zinazojirudia. Katika njia ya kwanza, sehemu ishikayo meno ya juu hukatika pamoja na kaakaa na kulegea; katika ya pili, taya la juu hutoka pamoja na pua kama kipande kimoja chenye pembe tatu; na katika ya tatu, ambayo ndiyo ya hatari zaidi, uso wote huachana na fuvu la ubongo. Hata leo, zaidi ya karne moja baadaye, matabibu wa dunia nzima huyataja mavunjiko hayo kwa jina lake, na daktari yeyote anayempokea majeruhi wa barabarani huyatafuta kwa mkono na kwa picha.

Taya la chini nalo lina habari yake. Galen, aliyejulikana kwa Waarabu kwa jina la Jalinus, na ambaye maneno yake yalifuatwa na matabibu kwa zaidi ya miaka elfu, alifundisha kwamba taya hilo ni mifupa miwili iliyounganishwa kidevuni. Hakuna aliyethubutu kumpinga mpaka ilipotokea njaa kuu ya Misri katika mwaka 1200 na uliofuata, maji ya mto Nile yalipopungua na watu wakafa kwa wingi usiozikika, hapo tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi akaenda kwenye chungu ya mifupa huko al-Maks, akayatazama mabufuru zaidi ya elfu mbili kwa macho yake, asione kiungo katika taya hata moja. Akaandika kwamba taya la chini ni mfupa mmoja, na kwamba ushahidi wa macho ni wa kuaminiwa kuliko kauli ya Jalinus. Na ukweli una upole kwa wote wawili, kwa kuwa mtoto huzaliwa taya lake likiwa na nusu mbili, nazo huungana kidevuni kabla hajavuka mwaka wake wa kwanza au baada yake kidogo.

Weka kidole mbele ya sikio kisha ufumbue kinywa, utahisi kichwa cha taya kikisogea. Kiungo hicho huzunguka na pia huteleza mbele, na kwa mwendo huo wa namna mbili mtu huuma, husaga, hunena na kupiga miayo. Ikiwa kimeteleza kupita kiasi, aghalabu kwa mwayo mkubwa, taya huteguka na kinywa hubaki wazi. Wamisri wa kale walilijua hilo, kwani katika mafunjo yaliyoandikwa kiasi cha mwaka 1600 kabla ya Masihi mna maelezo ya tabibu kuingiza vidole gumba kinywani na kulirudisha taya mahali pake, na mpaka leo njia ni hiyo, ila yafaa ifanywe na mwenye ujuzi. Tena, kwa kuwa taya limepindika na kushikwa pande zote mbili, mara nyingi huvunjika mahali pawili kwa pigo moja: aliyeangukia kidevu huweza kuvunjika pale karibu na sikio, mahali ambapo mkono wake haukugusa wala jiwe halikufika. Kwa sababu hiyo tabibu hodari akiona ufa mmoja hutafuta wa pili.

Kwamba kutafuna ndiko kulikouunda uso, Tanzania ina ushahidi adhimu kuliko nchi nyingi. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona mabaki ya bufuru lililokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75, likapewa jina la Zinjanthropus, na sasa limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Uso wake ni mpana, vitefute vyake vimetanuka kupisha misuli minene ya kutafunia, magego yake ni makubwa kupita ya binadamu wa leo, na juu ya utosi mna ukingo wa mfupa ambapo misuli hiyo ilijishika. Taya la chini halikuonekana pamoja nalo. Ilipofika mwaka 1964, huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, Kamoya Kimeu akaokota taya la kiumbe wa jinsi ile ile, nene na zito, likaafikiana na yote ambayo uso wa Olduvai ulikuwa umekwisha kuyasema. Viumbe hao walitafuna vyakula vigumu kwa muda mrefu, na mifupa yao ikajengwa kwa kadiri ya kazi hiyo.

Sisi tulio hai tuna uso mdogo zaidi, lakini kanuni haikubadilika. Fuvu la ubongo la mtoto mchanga ni kubwa kiasi cha mara nane kuliko uso wake, na kwa mtu mzima ni kiasi cha mara mbili tu, maana uso hukua taratibu pamoja na kuota kwa meno 20 ya utotoni na 32 ya ukubwani, na kwa kazi ya kutafuna. Mtoto wa Maneromango au Mlandizi anayeguguna muhogo mbichi na kumenya muwa kwa meno anaipa mifupa yake mazoezi ya asili. Kadhalika mfupa ushikao jino huishi kwa ajili ya jino: jino liking'olewa, mfupa ule hupungua mwaka hata mwaka, ndiyo maana mzee aliyepoteza meno yote kidevu chake huonekana kuikaribia pua. Jino linaloweza kuzibwa lisiharakishwe kung'olewa, kwa kuwa anayelipoteza hupoteza na mfupa wake.

Baada ya kutafuna kuna kazi nyingine zisizosikika, wala mtu hazikumbuki ila zinapokosekana. Vile vibamba vilivyojikunja puani huipasha hewa joto, huitia unyevu na kuinasa vumbi lake kabla haijashuka mapafuni. Tundu ya jicho imejengwa kwa mifupa 7, mingine ya uso na mingine ya fuvu, na sakafu yake ni nyembamba sana, hivyo kwamba pigo la ngumi linaweza kuipasua, jicho likadidimia na mtu akaona kila kitu kuwa viwili. Kutoka pembe ya jicho, kando ya mfupa wa machozi, mna mfereji unaoyapeleka machozi puani, na kwa ajili yake mwenye kulia hutokwa na makamasi. Sainasi kubwa ya taya la juu, yenye nafasi ya kiasi cha mililita 15 kwa mtu mzima, mlango wake uko juu badala ya kuwa chini, kwa hiyo ikijaa usaha haijikaushi kwa urahisi. Na kwa kuwa sakafu yake imegusana na mizizi ya magego, gego bovu huweza kuiambukiza, mtu akadhani ana mafua yasiyokwisha.

Kaakaa nalo hutenga kinywa na pua, na pasipo hilo mtoto asingeweza kunyonya barabara. Linafungika tumboni mwa mama kabla ya wiki ya kumi na mbili ya mimba, midomo hutangulia. Ikitokea kutofungika, mtoto huzaliwa na mdomo sungura, au na kaakaa lililo wazi, au vyote viwili, na duniani kwa jumla hali hizo huonekana kwa kiasi cha mtoto mmoja katika kila 700. Hazikuletwa na uchawi wala laana wala kosa la mama, nazo hutibika kwa upasuaji: mdomo hushonwa katika miezi ya mwanzo, na kaakaa hufungwa baadaye kidogo, kabla mtoto hajazoea kusema kwa puani. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewafanyia watoto wengi upasuaji huo, na mzazi wa Kibaha au wa Kisarawe hana sababu ya kumficha mwanawe ndani.

Yako maradhi mengine ambayo mkaazi wa pwani inampasa kuyajua. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba mataya yote, juu na chini, pande zote mbili. Mwaka uliofuata akaandika habari za saratani hiyo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari zaidi ya maili elfu kumi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, wakiuliza hospitali kwa hospitali, hata ikadhihirika kwamba ugonjwa huo hukaa katika nchi za joto, za mvua na zisizo na mwinuko mkubwa, yaani zile ambazo malaria haitoki. Pwani yetu imo katika nchi hizo. Mtoto ambaye meno yake yanalegea kabla ya wakati, na taya lake linakua siku hadi siku pasipo pigo, apelekwe hospitali asicheleweshwe, kwa kuwa saratani hiyo hukua upesi kupita nyingi, na pia huitikia dawa kuliko nyingi.

Iko na dhuluma itendwayo kwa nia njema. Mahali pengi Afrika Mashariki, mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, watu huutazama ufizi wake, wakiona uvimbe mweupe wa chonge ambazo bado hazijaota huuita meno ya plastiki, wakauchimba kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli. Ule ni mwanzo wa jino halali, nao hauna uhusiano wowote na homa. Anayeung'oa humwachia mtoto jeraha ndani ya mfupa mwororo, na damu, na sumu ya uchafu, na pengine mauti; na homa iliyomleta, ambayo huenda ni malaria, hubaki bila dawa.

Turudi sasa kwenye ajali, kwani ndizo zinazotuvunjia nyuso kila wiki, mtu akigongwa katika njia kuu ya Kibaha, au akianguka na bodaboda katika mteremko wa Pugu, au mkwezi akiteleza kutoka mnazini. Atakayemkuta majeruhi wa uso akumbuke kwanza pumzi. Majeruhi mwenye fahamu, asiyelalamika shingo, na aachwe akae ameinama mbele ili damu itoke nje. Asiyekuwa na fahamu alazwe ubavu kwa uangalifu, kichwa na shingo vikienda pamoja na kiwiliwili, kwa maana akilazwa chali damu na ulimi vitamziba koo. Jino la ukubwani lililong'oka lishikwe kwa upande wa kutafunia, lisiguswe mzizi, lioshwe kidogo na kutiwa katika maziwa, na likirudishwa ndani ya saa moja huenda likashika. Hata aliyerudi nyumbani akijiona mzima, akiona kwamba meno hayakutani kama yalivyozoea, au mdomo wa chini umekufa ganzi, au shavu limekufa ganzi, au anaona viwili viwili, basi ajue kwamba huenda mfupa umevunjika, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Matibabu yapo, na yameendelea. Madaktari wa kinywa na taya hulinganisha kwanza meno, kwa sababu meno yakikutana sawasawa mifupa nayo imerudi mahali pake, kisha huifunga kwa waya au kwa vibao vidogo vya madini vyenye skrubu. Na mgonjwa aliyefungwa mataya huishi kwa uji, mchuzi na maziwa kiasi cha wiki nne mpaka sita hata mfupa uunge. Kuchelewa ndiko kunakoharibu, kwa kuwa mifupa ya uso huanza kushikana upesi, na ikishikana kombo yapasa ivunjwe upya.

Lakini kinga ni bora, nayo haina siri. Sheria ya Tanzania humtaka mwenye kupanda pikipiki avae kofia ngumu, na tofauti ya kofia na kofia ni kubwa: ile inayofunika utosi tu huhifadhi ubongo na kuuacha uso wazi, na ile yenye ukingo mbele ya kidevu hulihifadhi taya pia. Mkanda wa gari humzuia abiria asikipige kioo kwa uso. Maumbile yalikwisha kutimiza sehemu yake, yakatupa uso uwezao kutafuna, kuvuta pumzi na kunena kwa miaka 80 bila kuchakaa. Hayakuujenga kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwa maana mwendo huo tumejiletea sisi wenyewe. Kwa hiyo kila kituo cha bodaboda, tokea Mlandizi hata Maneromango, kinachokataa kumbeba abiria asiye na kofia, kinaitimiza sehemu iliyobaki, na sehemu hiyo hakuna tabibu wa Tumbi wala wa Muhimbili awezaye kuitimiza kwa niaba yetu.